Jibu Lililokwama Kwenye Seva

Miaka ile nilikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya uwakala wa forodha pale Tunduma, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutunza seva ya barua pepe. Ilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi. Asubuhi za baridi nilijifungia humo nikaangalia foleni ya barua zinazongoja kutoka. Yaliyoandikwa ndani sikuyaona. Niliona tu nani anamwandikia nani, na barua imengoja tangu lini. Hata hivyo niliweza kukaa nikiitazama mpaka nikasahau nilichofuata: maneno ya watu yametulia pale, yameshamtoka aliyeyaandika na bado hayajamfikia anayeyasubiri.

Msimu mmoja wa mvua foleni ikagoma. Kompyuta moja ya ofisini ilipata virusi, ikawa inatuma takataka mfululizo kwa anwani ambazo hata hazipo. Takataka zikarudi, zikajaza diski, na barua za kweli zikafunikwa humo humo. Walioziandika walidhani zimefika.

Bosi wetu, mfanyabiashara kutoka Tanga, akasimama mlangoni.

"Futa zote, fundi. Watu wataandika upya."

"Niachie leo tu, mzee. Wengine hawajui kama barua zao zimekwama."

Akaguna, akaondoka.

Nikaitoa ile kompyuta mbovu kwenye mtandao, nikaisimamisha seva isipeleke chochote, nikaanza kuchambua. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Malori yalisikika bila kuonekana, kana kwamba yanapita mahali pengine kabisa. Nilikuwa nafuta takataka fungu kwa fungu, nafasi ikirudi kidogo kidogo, nikakuta barua ya dada wa mapokezi. Ilikuwa fupi, inakwenda Ndola, Zambia. Ofisini wote tulijua kwamba huko Ndola kuna fundi mitambo aliyewahi kuja kufuatilia mzigo, akaondoka na moyo wa huyu binti wa kijiji cha Isansa, au akauacha wake. Hatukuwa na hakika. Simu walikuwa nazo, ila mambo mazito waliandikiana.

Sikumaliza kulifikiria hilo, nikasikia mapokezi sauti ya mwanamume ikisalimia kwa Kibemba: "Mulishani mukwai?" Nikachungulia. Alikuwa yeye, yule wa Ndola, koti limelowa mabegani.

"Niliandika, sikupata jibu," alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Nikasema nije, nisikie kwa masikio yangu."

Dada akachukua mwavuli. Wakatoka pamoja, wakamezwa na ukungu.

Dada alirudi mchana, peke yake. Akaingia chumbani kwangu, akakaa juu ya boksi la printa.

"Kaka, barua yangu ya Ndola ilienda?"

"Bado. Hii hapa."

Akashika kinywa. "Humo nilimkatalia. Aliniuliza kama aje nyumbani kujitambulisha kwa wazazi. Niliogopa, kaka. Niende ng'ambo nikae na watu nisiowajua, baba na mama niwaache na shamba lao la kahawa na miguu inayowauma? Halafu leo nimemwona amekaa pale mgahawani anapuliza chai, nimemkubalia."

"Basi naitoa. Barua ni yako."

"Ukiitoa inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Inapotea tu."

Mvua ilianza kugonga bati. Akanyoosha kidole, akakigusisha kwenye ile anwani.

"Iache iende," akasema.

"Una hakika?"

"Hofu yenyewe haijaisha. Asije akanioa bila kuijua. Ila ngoja niandike nyingine, zifuatane."

Akaenda kwenye meza yake akaandika. Nilijitumia barua moja ya kujaribu, ikafika salama. Kwa kuwa mvua inapopiga dishi mtandao huwa mwembamba, nikazifungulia chache chache. Ya kwanza yake ikatoka kwenye orodha. Ya pili ikaifuata. Alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilisikia akivuta pumzi kila moja ilipotoweka.

Wiki iliyofuata simu yake ikaita. Akaipokelea barazani, akiwa amenipa mgongo. Aliporudi macho yalikuwa yamelowa, lakini anacheka.

"Amezisoma zote mbili. Anasema anakuja na shangazi yake, na ya kwanza ataileta, wazazi nao waisikie hofu yangu."

Alikuja kweli. Akatafuta kazi Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, na walipooana wakapanga nyumba huko, dada akawa anakwenda Isansa kuwaona wazee kila alipotaka.

Mimi ninachokiona zaidi nikifumba macho ni jioni ya siku ile ya mvua. Foleni ilipokwisha, skrini ilibaki tupu, na ofisi nzima simu zikaanza kuita: watu wa Lusaka, wa Dar, wa Lubumbashi, wakijibu maneno ya wiki iliyopita. Nilikaa gizani kidogo nikisikiliza. Bosi alipita, akanigusa bega, akaendelea na safari yake ya msikitini.