Birika Lisiloanguka

Ukitaka kunyolewa bure na yule kinyozi wa karibu na stesheni ya zamani, usimpelekee hadithi za shida. Mpelekee kijiko. Tena si kijiko chochote, ni kile chenye gurudumu la mabawa nyuma ya mpini, alama ya vyombo vya behewa la chakula, enzi hizo treni zikiwa bado na mabehewa hayo. Wapo wajanja waliojaribu kumpenyezea vijiko vya jikoni kwao. Aliwanyoa, wakalipa, na vijiko vyao wakarudi navyo.

Mkewe aliliita boksi la vyombo hivyo "mke mwenza", maana bwana akirudi nyumbani alilisalimia kabla yake. Alikuwa anamtania tu, sababu aliijua. Mama wa kinyozi alimalizia ujana wake akiosha vyombo hivyo ndani ya treni, kwenye kichumba ambacho mtu akigeuka anagonga kiwiko. Hakuwahi kuketi hata mara moja kwenye zile meza za vitambaa vyeupe. Waoshaji walikula wamesimama, kwenye bakuli za bati. Basi kinyozi alijiapiza kwamba mama atakaa mezani kabla hajafumba macho, aandaliwe kwa vyombo vilevile. Uma, visu, kibakuli cha sukari, alivipata kimoja kimoja. Birika ndilo lililomtoa jasho, hadi mpishi mmoja mstaafu alipomletea, na kwa furaha kinyozi akaahidi kumnyoa bure maisha yake yote.

Kosa lake lilikuwa kuvipenda mno. Vyombo hivyo si fedha tupu, ni shaba iliyopakwa fedha juu, ngozi nyembamba tu, na ukisugua ovyo inaondoka. Kwa hofu hiyo hakuvigusa kabisa. Vikawa vyeusi tii, vikisubiri siku ya mama. Na kwa kuwa alitaka kumshtukiza, hakumwambia hata dada yake, ambaye siri ikimfikia asubuhi, mchana iko sokoni.

Siku mama alipotarajiwa, dada alitangulia kuja kusaidia usafi. Kinyozi alikuwa dukani, amemshika mwalimu mmoja kichwa, upande umekatwa, upande bado, mkewe alipoingia bila viatu.

"Baba watoto, wifi kampa mtu wa vyuma chakavu boksi lako. Kadhani takataka."

Kinyozi alitoka na mkasi na kitana mkononi. Mwalimu akamfuata, shuka la kunyolea shingoni, akidai kichwa chake, na mtaa mzima ukapata cha kucheka. Kinyozi hakusikia lolote. Alijua shaba ikifika yadi ya vyuma chakavu hupondwa kwanza kwa nyundo ndipo ipimwe, na kila hatua alijiona akiokota vipande.

Alimkuta mwenye yadi, mwanamke wa miraba minne, ameketi juu ya injini mbovu na kikombe mkononi, vijana wake wamemzunguka na vikombe vyao. Nyundo zilikuwa chini. Boksi lilikuwa pembeni, limejaa. Na juu ya rundo la vyuma, mahali ambapo hata kikombe kisingesimama, lilikaa birika jeusi, likitoa mvuke.

Mwenye yadi alieleza kwamba kila chombo alichowahi kuwekea chai hapo kilipinduka, ila hiki kimegoma kuanguka. Kinyozi angeweza kumwambia kwa nini: kitako chake ni kizito na kipana, kilitengenezwa kwa ajili ya treni inayoyumba. Badala yake alikaa chini kwenye vumbi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, roho ikarudi mahali pake.

Mwenye yadi alikubali kurudisha vyote, mradi amalize chai yake kwanza na vijana wake wanyolewe bure. Mwalimu alimaliziwa kichwa palepale juu ya injini, na hakunyamaza hadi nywele ya mwisho.

Dada, kwa aibu, alivipangusa vyombo kimoja kimoja kwa kitambaa laini, polepole kama anayemwogesha mtoto mchanga. Mama alipofika akaona meza, alichukua kijiko, akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya gurudumu. Kisha, kwa mazoea yake, akaanza kukusanya sahani hata kabla ya watu kula.

"Kaa, mama," kinyozi alimwambia, akimvutia kiti. "Leo wewe ni abiria."

Alikaa. Mwanawe akammiminia chai. Maongezi yakamchukua, kikombe kikaisha taratibu, na alipoongezewa akanywa kidogo, akashtuka, akaliwekea birika kiganja ubavuni.

"Nimeliosha miaka yote ile," alisema. "Sikujua kama linatunza moto hivi."