Bustani Arobaini na Moja za Gunvor

Holger Rydbäck anakaa ghorofa ya juu yangu, na kwa miaka ishirini na sita nilimjua kwa redio yake tu. Saa tatu asubuhi taarifa ya habari, halafu hali ya hewa ya baharini, ingawa hana mashua na sidhani kama amewahi kuitamani. Alikuwa fundi wa lifti hapa Malmö mpaka alipostaafu. Mkewe, Gunvor, ndiye aliyekuwa mtu wa kutoka. Tulikutana naye chumba cha kufulia cha jengo, tukakunja mashuka pamoja, tukawasema waliopitiliza muda wa zamu yao.

Gunvor alikufa ghafla mwezi wa Novemba, akiwa koridoni anafunga kamba za viatu. Moyo. Holger alishapiga simu ya ambulansi alipokuja kubisha mlangoni kwangu, na neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kama ananisumbua. Mkewe yuko sakafuni, yeye anauliza kama nimeshika kazi. Nilimkasirikia kwa hilo kwa muda mrefu, ingawa nikisema kweli, na mimi ningeuliza hivyo hivyo.

Walimchoma, na majivu yakawekwa kwenye rafu ya ofisi ya makaburi kusubiri familia iseme yazikwe wapi. Sheria yetu inatoa mwaka mmoja. Mwaka ukipita bila jibu, ofisi inayazika yenyewe. Wengi wetu tunachagua ile nyasi ya pamoja, isiyo na jiwe wala jina, ambapo hata mtoto wa marehemu haambiwi mama yake yuko chini ya sehemu ipi hasa. Tunaichagua kwa hiari, tungali hai, ili asije mtu akasumbuka kumwagilia maua.

Gunvor hakuacha neno lolote. Binti yao, Ylva, anakaa Umeå, kaskazini huko, safari ya siku nzima kwa treni. Kila Jumapili alipiga simu kumuuliza baba yake mama angependa wapi. Holger alimjibu kwamba angependa mahali pa kijani. Ylva akamwambia kwamba makaburi yote yana majani. Simu zikaishia hapo, Jumapili baada ya Jumapili.

Kilichokuwepo ni ramani. Manispaa iliwahi kugawa ramani ya bustani na viwanja vya kijani vya upande wetu wa mji, arobaini na moja, kila kimoja na namba yake. Gunvor aliapa atavitembelea vyote. Kila Jumanne na Ijumaa, kwa miaka miwili, alivaa viatu vyake akatoka na chupa ya kahawa na maandazi. Ramani ilipokutwa kwenye begi lake ilikuwa na alama za vema kumi na tisa. Holger aliitandaza mezani kwangu mwezi wa Januari akasema atazizunguka zote, za alama na zisizo na alama, mpaka ajue Gunvor alipendezwa na nini. Akishajua hilo, atajua pa kumzika. Niliona ni akili ya fundi: pima kila ghorofa, mahali penye hitilafu patajionyesha.

Nilikwenda naye. Sikualikwa. Nilimkuta kwenye ngazi amevaa kofia, nikavaa yangu.

Tulianza na bustani kubwa ya mabwawa, mabata maji wakatufuata kama wanatudai. Tukaenda zile za pwani zenye upepo wa kukata masikio. Tukaenda namba ishirini na tatu, ambayo ni ukanda wa nyasi kati ya reli na kiwanda, wenye benchi moja linalotazama ukuta. Kiangazi tulipita bustani ambamo familia nzima nzima zilikuwa zinachoma nyama ya kondoo, na mama mmoja akatushikisha sahani bila kutuuliza sisi ni nani. Holger alikula akashukuru. Kila tulipofika alifanya vilevile: alitafuta benchi, akamimina kahawa, akala andazi lake la mdalasini mpaka mwisho, akatoa kalamu ya risasi akaweka alama. Dakika ishirini. Tukaondoka.

Mara ya kwanza nilimuuliza amejisikiaje. Akafikiri kweli kweli, nilimwona anafikiri, kisha akanijibu kwamba benchi lilikuwa na baridi. Nikaacha kuuliza. Hakuwa anaficha kitu. Mimi nimefanya kazi ya kulea wazee miaka thelathini na nne, mtu anayeficha machozi namjua. Huyu hakuwa nayo. Alikula, alilala, alinyoa ndevu. Alitembea vizuri kuliko mimi, mgongo umenyooka, hatua ndefu za mtu aliyepanda ngazi maisha yake yote. Ndani yake palikuwa kimya tu, na yeye mwenyewe alilijua hilo akalisema wazi, kama anavyosema mvua imekatika.

Agosti ofisi ya makaburi iliandika barua ya kumkumbusha. Oktoba ikaandika ya pili, safari hii na fomu na bahasha ya kujibia. Alinishukia nayo asubuhi ya Alhamisi. Alishaijaza: nyasi ya pamoja.

"Itakuwa rahisi kwa watu wote," alisema. "Ylva hatasumbuka kuja. Hakuna jiwe la kusafisha."

"Na wewe je?"

"Mimi sina kitu, Dagny. Nimezunguka bustani arobaini. Nimekaa kwenye mabenchi yake. Nimekufa ganzi, sijui hata ninamkosa kiasi gani. Mtu kama mimi atafanya nini na jiwe?"

Nilitaka kumtukana, nikakosa tusi la kumfaa. Nikamkumbusha kwamba bado imebaki moja. Ilikuwa namba saba, nyuma ya mnara wa maji, mwendo wa dakika sita kutoka mlango wa jengo letu. Gunvor hakuiwekea alama, na Holger aliiacha nyuma kwa sababu ilikuwa karibu mno. Alikubali tukaipitie kesho yake, Ijumaa, na tukirudi ataitumbukiza bahasha kwenye sanduku la posta la kona.

Namba saba haina cha kumwita mtu. Ua wa miti mifupi, michongoma michache, na uwanja wa changarawe ambapo wazee walikuwa wanarusha tufe za chuma kulenga kijitufe cha mbao. Walikuwa saba. Holger alikaa kwenye benchi, akamimina kahawa yake. Mzee mmoja, Ingemar, aliyekuwa anaokota tufe zake kwa sumaku iliyofungwa kwenye kamba ili asiiname, alikuja kutuuliza kama mmoja wetu angependa kucheza.

"Tuko pungufu," alisema. "Wanne kwa watatu, na upande wa watatu ndio unaoshinda, aibu tupu. Zamani tulikuwa wanane, Gunvor alipokuwepo."

Kikombe cha Holger kiliganda njiani. Mimi ndiye niliyeuliza Gunvor gani. Hawakujua gani. Gunvor tu. Mama mmoja mwenye kofia nyekundu, Vivi-Ann, alisogea akasema alicheza nao karibu miaka miwili, kila Jumanne na Ijumaa, na alikuwa na shabaha ya hatari. Siku ya kwanza alikuja na ramani, akasema anapita tu, ana bustani nyingine nyingi za kuona. Wakampa tufe moja ajaribu. Hakwenda bustani nyingine tena.

Nikauliza kama hawakumtafuta alipopotea. Vivi-Ann aliona haya. Hawakuwa na namba yake ya simu. Hata jina lake la ukoo hawakulijua, hakuna aliyewahi kumuuliza. Hakusema mwenyewe, na wao hawakutaka kumchimba. Miaka miwili wamekula maandazi ya mtu, na jina lake la ukoo hawalijui. Ningewacheka, ila kwenye ngazi zetu kuna watu wanne nisiowajua majina hata ya kwanza.

"Tulijua tu kwamba ana mgonjwa nyumbani," Vivi-Ann alisema. "Mumewe. Miguu yake imekwisha, maskini, hawezi kutoka kabisa. Gunvor alisema kama si miguu wangekuja wote wawili kila siku. Tukadhani mume amezidiwa, naye amebaki kumuuguza."

Nilitazama changarawe. Sikutaka kumtazama Holger, lakini nilimsikia akiweka kikombe juu ya benchi.

"Amefariki," alisema. "Novemba ya mwaka jana. Ilikuwa ghafla."

Wale wengine waliacha mchezo wakasogea. Vivi-Ann alivua kofia yake. Ingemar akauliza kwa upole yeye ni nani kwa Gunvor.

"Mimi ndiye mumewe."

Basi wote, bila kutaka, wakaitazama miguu yake. Walikuwa wamemwona akiingia. Alipita lango kwa zile hatua zake ndefu, akauruka mfereji mdogo ulioko pale badala ya kuuzunguka. Nilidhani atasema kweli, kwa sababu Holger hajui kusema kitu kingine, hilo ndilo gumu la kuishi chini yake. Na yeye akaitazama.

"Siku hizi miguu ina nafuu," alisema.

Vivi-Ann alimshika mkono wa koti akamwambia Mungu ashukuriwe, Gunvor angefurahi. Kisha Ingemar akauliza wamemzika wapi. Wangependa kupita, alisema, kama haitakuwa usumbufu. Fomu ilikuwa ndani ya koti la Holger, upande wa kifuani, na stempu tayari. Watu saba walikuwa wanasubiri aseme mkewe yuko wapi, na mkewe alikuwa kwenye rafu.

"Bado," alisema. "Nipeni namba ya simu. Nitawaambia."

Waliandika namba zao pembeni mwa ramani, wote saba, na majina yao kamili. Holger aliinuka. Na alipoinuka, akaanza kuchechemea. Aliuburuza mguu wa kulia kwenye changarawe, akauzunguka ule mfereji, akanishika bega kwenye lango. Nyuma yetu nilimsikia Vivi-Ann akimwambia mwenzake aone jinsi mtu anavyojikaza.

Tulipoupita ua nilimwambia hawatuoni tena.

"Najua," alisema, akaendelea kuchechemea. Tulivuka barabara hivyo, mbele ya duka hivyo. Dakika sita zikawa kumi na tano. Karibu na sanduku la posta alisimama, nikadhani anataka kuitoa bahasha.

"Aliniomba mara moja," alisema. "Siku aliyoleta ramani. Akasema twende wote. Nikamwambia atangulie, jioni atanihadithia. Hakuniomba tena. Na kule akawaambia ni miguu."

"Alikuwa anakutetea."

"Alikuwa anaona haya, Dagny. Mume mzima wa afya, amekaa anasikiliza upepo wa baharini redioni."

Alilipita sanduku. Mchana ule alipiga simu ofisi ya makaburi akaomba fomu nyingine, ya kaburi lenye jiwe, na kwenye jiwe jina lote, Gunvor Rydbäck, kwa herufi zinazosomeka kutoka njiani. Akampigia Ylva, na haikuwa Jumapili.

Tulimzika wiki ya pili ya Novemba, ule mwaka wa sheria ukiwa umebakiwa na siku tano. Kishimo kidogo mbele ya jiwe, kamba mbili, chombo kisichozidi mtungi wa maziwa. Ylva alikuja na treni ya asubuhi. Wale saba walikuja wamevaa makoti yao mazuri, wakasimama nyuma kidogo, wakisubiri kuambiwa kama wanaweza kusogea. Holger alichechemea kutoka lango la makaburi mpaka kaburini. Ylva alifungua mdomo kuuliza baba amepatwa na nini, nikamkanyaga kiatu.

Ingemar alikuwa amebeba kitu chini ya kwapa njia nzima. Alipofika akakikunjua. Kilikuwa kiti, kile cha turubai watu wanachokwenda nacho kuvua samaki. Alikikita kwenye majani, akakijaribu kwa mkono kama kimetulia, akamwambia Holger karibu, usijitese, Gunvor mwenyewe alituambia hali yako.

Holger alikitazama kile kiti. Miguu yake haikuwa na kasoro yoyote, angeweza kusimama pale mpaka Krismasi. Akakaa, mbele ya jina la mkewe, mbele ya watu waliomjua kuliko yeye, na hapo ndipo alipolia.