Kitenge Kikavu cha Mama

Juzi pale Musoma niliona mtumbwi umejazwa watu na magunia mpaka maji yanaingia ndani. Mama yangu alikufa hivyohivyo nikiwa mdogo, na aliyemuua ni Magesa, mwenye mtumbwi tuliopanda siku hiyo.

Mama alimwambia, "Magesa, punguza mizigo."

Akamcheka. "We mama, umezaliwa ziwani halafu unaogopa maji?"

Mtumbwi ulipozama, mimi niliokolewa na dumu tupu nililoshikilia. Mama hakuonekana tena.

Kwenye matanga katekista alisema ziwa litawatoa wafu wake. Nilidhani ni leo au kesho. Nikabeba kitenge cha mama, nikakaa ufukweni kwenye harufu ya dagaa walioanikwa. Kila wimbi lilipopiga jiwe, nilisimama.

Bibi akanikuta. "Unangoja nini hapa?"

"Mama akitoka atakuwa amelowa."

Sikuchapwa. Alikaa, akakinusa kile kitenge muda mrefu. "Hiki alikuwaga hakipendi. Kalete kile cha njano."

Sasa nimemzidi mama umri, na najua siku ile ya ufufuo hatujui itakuja lini. Bado namngoja. Magesa alikufia kitandani kwake, akazikwa na kwaya. Naye atafufuka. Hapo ndipo tutaongea.