Mtani Aliyekataa Kula Askari Wangu

Tangu Mchungaji aliponiambia nipumzike, sikupumzika hata siku moja. Niliamka kukiwa bado giza, nikasali, nikaenda shambani ambako hakukuwa na kazi, maana mtama ulishavunwa na alizeti ilishapigwa. Nikatazama mabua yaliyolala, nikarudi. Nikafika nyumbani, nikakumbuka sikuangalia boma upande wa pili, nikatoka tena. Mke wangu alikuwa akipepeta ufuta uani. Akaniambia, "Baba, leo umepita mbele yangu mara ngapi? Hata kuku wamechoka kukukimbia."

Mimi ni katekista. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimeongoza ibada katika kanisa dogo nje kidogo ya mji wa Manyoni, Jumapili ambazo Mchungaji yuko vijiji vingine. Kwetu sisi wazee wa kazi hii kuna desturi ambayo haikuandikwa popote: kitabu cha sala kinakaa mezani kimefungwa. Ungamo, imani, maombi, vyote tunavitoa kichwani. Kijana akianza kazi anasoma, na watu wanamvumilia kwa kuwa bado anajifunza. Mzee akifungua kitabu, watu wanatazamana. Wanajua amefika mwisho wake.

Jumapili ile nilikuwa katikati ya imani ya mitume, jambo ninalolisema tangu nikiwa mtoto, na ghafla hapakuwa na neno. Nilisimama. Upepo ulikuwa unagongagonga bati, nikausikiliza upepo. Akina mama wa mbele walingoja kidogo, kisha wakaendelea wenyewe kwa sauti, nikawafuata nyuma kama mgeni. Baada ya ibada hakuna aliyesema kitu, na hilo ndilo lililoniumiza. Habari zilimfikia Mchungaji. Alikuja nyumbani, akanywa chai, akasema kwa upole, "Mwalimu, umetumika sana. Pumzika kidogo. Tutaona mbele."

Kaka yangu mkubwa alianza hivyo hivyo. Kwanza maneno, kisha njia za kwenda nyumbani, na mwishoni alikuwa akiwaamkia watoto wake mwenyewe shikamoo. Watoto wakawa wanaitikia marahaba huku wanalia. Kwa hiyo nilipoambiwa nipumzike, sikuogopa kupumzika. Niliogopa kwamba nimeanza safari ya kaka yangu.

Hapo ndipo nilipoishika sataranji kwa nguvu. Ilikuwa tayari ipo maishani mwangu, kwa kuwa mtani wangu alinifundisha. Mimi ni Mgogo, yeye ni Mnyamwezi, Mwislamu, mstaafu wa reli ya zamani. Uzeeni alipata kazi ya ulinzi kwenye kambi ya mafundi waliojenga reli mpya, na huko ndiko mafundi wageni walikomfundisha huo mchezo. Walipoondoka walimwachia ubao na kete zake zote, ila ngome moja iliyopotea. Mahali pake anaweka kifuniko cha soda. Tunacheza barazani kwake, viti viwili vya plastiki, chupa ya chai ya rangi katikati, na upepo wa kiangazi unaotulazimu kushika kete nyepesi zisiruke.

Kabla ya hapo mimi nilikuwa mtu wa drafti. Nilianza drafti nikiwa nachunga, kwa vifuniko vya chupa, na kwa miaka mingi sikupata wa kunisumbua. Sataranji ilikuwa burudani tu. Sasa nikaifanya kipimo. Nilijiambia: kama nitaweza kukariri jambo gumu na kumshinda nalo Mnyamwezi, basi kichwa changu ni kizima, na nitamwendea Mchungaji bila hofu.

Binti yetu aliniwekea kwenye simu masomo ya kijana mmoja anayefundisha sataranji kwa Kiswahili. Nikachagua ufunguzi mkali kuliko yote aliyoonyesha. Unasogeza askari wa mfalme hatua mbili, mwenzako naye hivyo hivyo. Kisha unamtoa askari wa jirani, yule aliye mbele ya askofu wa upande wa mfalme, unamweka mdomoni mwa adui aliwe bure. Akishakula, katikati pamefunguka, wewe unakimbiza farasi na askofu, na mwenzako anahangaika kumlinda huyo askari mmoja aliyemnyakua. Kijana yule alisema ni ufunguzi wa watu wasiotaka kukaa. Nikajiona humo. Nikaukariri nikitembea, hatua kwa hatua, njia ya kwenda kisimani na kurudi, hadi mke wangu akauliza kama hizo ni sala mpya.

Siku niliyokuwa tayari, nilifika kwa mtani kabla hajamaliza kifungua kinywa. Tukapanga. Nikasogeza askari wangu wa kwanza, naye wake. Nikamtoa wa pili, nikamwacha wazi.

Mtani akavua miwani, akaivaa tena.

"Mgogo anatoa bure!" akapaza sauti, ingawa baraza lilikuwa tupu. "Jamani, njooni mshuhudie. Mgogo kampa mtu kitu bila kuomba."

"Beba, Mnyamwezi," nikamwambia. "Kubeba ndiyo kazi yenu."

"Babu zangu walibeba mizigo hadi pwani, kweli." Akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kama anauzuia. "Lakini mimi nimestaafu. Sibebi."

Akamtoa askofu wake, akamvusha hadi karibu na katikati ya ubao, akamwacha hapo akitazama pembeni mwa mfalme wangu.

Nilishtuka. "Hapana, kula!" nikasema. "Yuko wazi. Ni lazima ule."

"Lazima ya wapi? Hii drafti?"

Katika drafti, kete ikiwa wazi inaliwa, utake usitake, na ukipita bila kula unarudishwa. Nilikuwa nimekariri njia yote nikiamini atakula, kwa sababu mkono wangu haukuwahi kujua mchezo ambao mtu anaachiwa chakula akakipita. Kila nilichokuwa nacho kichwani kilianzia kwenye kula kwake. Sasa hakula, na kichwani hamkuwa na kitu. Kilikuwa kimya kile kile cha kanisani.

Na mkono huo huo wa drafti ukanimaliza. Askari wake wa katikati alikuwa wazi kwa askari wangu. Nikamla papo hapo, bila kuuliza kwa nini ameachwa. Malkia wake akateleza hadi ukingoni.

"Cheki," akasema.

Nikamsogeza mfalme mbele. Malkia akarudi katikati, akala, na mfalme wangu hakuwa na pa kwenda. Pale alipotaka kukimbilia, yule askofu alikuwa anapatazama tangu mwanzo.

"Chai haijapoa," mtani akasema. "Na huyu askofu ni wa dini yako. Ona anavyokutendea."

Kwa kawaida ningemjibu. Ningemwuliza yeye Mwislamu maaskofu wawili kawapata wapi. Siku hiyo niliinuka.

"Umekariri," akaniambia nikiwa nashuka ngazi. Hakusema kwa utani. "Nimeona mkono ukitangulia macho."

Sikwenda nyumbani. Nilitembea kando ya reli ya zamani hadi nyumba zikaisha, nikageuka, nikatembea tena. Neno hilo lilinichoma. Mtu ambaye maisha yake yote ni kukariri, ukimwambia amekariri, umemwambia nini?

Kesho yake nilirudi, maana sikuwa na mahali pengine pa kuwa. Nikamwambia, "Tucheze ile ile." Hakuuliza kwa nini. Tukaicheza ile ile wiki baada ya wiki, asubuhi baada ya sala zangu na jioni kabla ya swala yake ya magharibi. Yeye mara anakula, mara anakataa, akiamua papo hapo jinsi ya kunikomesha. Nilipigwa sana. Polepole, kwa neema ya Mungu, nikaacha kuuliza hatua inayofuata ni ipi, nikaanza kuuliza huyu bwana anataka nini. Niligundua kwamba farasi wa upande wa mfalme akitangulia kutoka, anaiziba ile njia ya malkia, awe amekula au amekataa. Jibu moja kwa maswali mawili. Nilifurahi kama mtoto. Niligundua pia kwamba nilikuwa namlilia yule askari niliyemtoa, nikitafuta kumrudisha kwa haraka, ilhali nilishampa mwenzangu kwa hiari. Nilipoacha kumtafuta, kete zangu nyingine zikapata miguu.

Lakini nisiseme kwamba nilipona. Katika wiki hizo nilisahau jina la jirani tuliyeishi naye tangu ujana. Nikamwita "ndugu yangu" mazungumzo yote ili asijue. Usiku ule sikulala vizuri.

Kisha Mchungaji akapiga simu. Alikuwa na safari ya Itigi, na kijana anayeshika nafasi yangu alikuwa anaumwa. "Mwalimu, unaweza Jumapili hii?" Nikajibu naweza, kabla hajamaliza. Mke wangu alinitazama. Tulijua sote. Nikiongoza vizuri, nimerudi. Nikikwama tena, hakutakuwa na simu nyingine, na kila mtu atajua naelekea wapi.

Jumamosi nikaenda kwa mtani. Nilitaka mchezo mmoja tu wa kunipa moyo. Nikatoa askari wangu wa kwanza, wa pili nikamwacha wazi kama kawaida. Hakula. Hakumtoa askofu pia. Alimsukuma askari wake mwingine hatua mbili, akamweka mbele yangu, naye aliwe bure.

"Na mimi leo natoa," akasema.

Sikuwahi kuliona hilo. Mkono ukainuka wenyewe kuelekea kwa yule askari wa zamani wa katikati. Nikaurudisha magotini. Farasi wangu alikuwa bado nyumbani, na njia ya malkia wake ilikuwa nyeupe. Nilikaa. Chai ikapoa kweli. Nikamla yule mwingine, yule aliyetolewa.

Mtani akaguna. "Zamani ungemla yule."

"Zamani ningemla yule," nikakubali.

Mchezo ule ulikuwa mrefu. Mwishoni tulibaki na wafalme na askari waliofungana, tukapeana mikono. Sikushinda. Hadi leo sijamshinda kwa ufunguzi ule. Wakati tunarudisha kete kwenye mfuko, nikamweleza yote, la kanisani, la kaka yangu, na kwamba kesho yake naongoza ibada.

Alikitia kifuniko cha soda juu ya kete. Kisha akasema, "Mimi juzi nimesahau nimeswali rakaa ngapi."

"Ukafanyaje?"

"Tuna sijida ya kusahau. Unasujudu mara mbili mwishoni, unatoa salamu, unakwenda nyumbani kula. Imewekwa kwa ajili hiyo." Akafunga mfuko. "Nyie hamna?"

"Hatuna."

"Sasa aliyewatungia sala alidhani hamtasahau? Mna nini?"

Nilifikiri. "Tuna kitabu."

"Kiko wapi?"

"Mezani. Kimefungwa."

Mtani akacheka hadi akakohoa. "Yaani Wagogo! Chakula kiko mezani, mmekifunika, mnakufa njaa mkiheshimiana."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira naye, na karibu na kisima hasira ikaisha.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko kawaida. Wengine walikuja kusali, wengine kuniangalia, na siwalaumu. Nilipanda mbele, miguu ikitaka kuendelea kutembea hadi nje kwa mlango wa pili. Nikafungua kitabu. Sauti ya karatasi ilisikika hadi nyuma. Mzee mmoja wa benchi la kwanza, rika langu, alimgusa mwenzake kwa kiwiko. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikasoma. Uso uliniwaka moto. Nilijua ninachowapa, na kwamba sitakirudisha tena, maana kwetu mzee akishafungua kitabu hafungi. Nikaendelea kusoma. Baada ya muda nikaanza kuyasikia maneno yenyewe, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakitoka mdomoni yakiwa yamezoeana mno. Kwenye maombi ya wagonjwa niliinua macho, nikawaona watu mmoja mmoja, kwa kuwa kidole kilikuwa kinanishikia mahali.

Nje, yule mzee alinijia.

"Mwalimu, siku hizi unasoma?"

"Ninasoma."

"Kwa hiyo ni kweli wanayosema?"

"Kweli ndugu yangu. Kuna vitu vinanitoka."

Alitazama viatu vyake. Nilidhani atasema pole. Akasema, "Mimi nimesahau maneno ya Ungamo tangu mwaka juzi. Huwa nafungua mdomo tu." Akaondoka haraka kwa fimbo yake.

Jioni Mchungaji akapiga simu. Alikuwa ameshaambiwa kila kitu.

"Nasikia ulifungua kitabu, Mwalimu."

"Nilifungua, Baba Mchungaji. Na nikiongoza tena nitafungua tena. Kama haifai, niambie sasa."

Upande wa pili palikuwa na kelele za magari. Nilisimama uani nikiwa nimeishika simu kwa mikono miwili, na mke wangu alikuwa ameacha kupepeta.

"Jumapili ijayo mimi niko Mitundu," akasema. "Ongoza."

Nikamshukuru, na nikamshukuru Mungu, kisha nikaanza kuzunguka uani nikitafuta miwani ya kusomea.