Marehemu Niliyepewa Kumshika

Enzi zetu kule Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, kila mtoto alipewa marehemu wake. Ninyi wenzangu mliokulia pale mnajua ninachosema, wengine mtanivumilia. Wazazi wetu walitoka Kivu Kusini, Kongo, mikono mitupu, na watu wao walibaki kule chini ya udongo, wengine hata bila kaburi. Mtu wa nyumbani hupalilia kaburi la mpendwa wake, akaweka jiwe, akalia kidogo, akarudi shambani. Sisi tungepalilia nini? Basi habari ya kifo ikifika, tulikaa matanga kama kawaida, na siku ya kuyaondoa ulitolewa ubeti mmoja wa mistari minne, akapewa mtoto mmoja aushike. Kuushika ni kuukariri, na kuusema mbele ya watu kila mwaka siku ile ikirudi, mpaka uzeeke.

Mtungaji alikuwa Mama Esta, muuza ndagala. Shule hakuiona sana, lakini alikuwa anageuza samaki juani huku midomo inacheza, anahesabu silabi kwa vidole vyenye magamba. Ukimkuta hivyo usimsalimie, hakuitikii. Mwalimu mmoja aliwahi kumshauri aandike beti zake kwenye daftari zisije zikapotea. Mama Esta alimtazama, akasema, "Karatasi inalowana mu mvula, mwalimu. Mutoto, vita ikikuya, anakimbia na beti ku kichwa."

Ah, siku zile! Jua la Nakivale linakausha mpaka mate, tuko kwenye foleni ya maji na bidoni zetu, na kila mmoja anajisomea marehemu wake. Jioni ugali wa muhogo na sombe, harufu ya moshi mpaka kwenye nywele, mvua inapiga plastiki ya paa hadi baba anapaza sauti ili sala isikike. Rafiki yangu Zawadi alimshika bibi yake, aliyesifiwa kwa shamba lisilo na gugu. Mwingine alimshika fundi wa ngoma. Mimi nilikuwa na miaka tisa nilipopewa mume wa Mama Esta mwenyewe. Esta ni jina lake mwenyewe, hakujaliwa mtoto, kwa hiyo alichagua mtoto wa jirani.

Laiti angenipa mwingine! Kisa chenyewe ni hiki. Walipokuwa wanakimbia, miguu ya Mama Esta ilivimba akashindwa kutembea. Mume wake alipiga magoti barabarani, mchana kweupe, umati wa watu unapita, akamwosha miguu kwa maji ya kunywa. Wanaume wakamcheka. Siku mbili baadaye, kabla hawajafika mtoni, risasi ziliwatawanya, na Mama Esta hakumwona tena, hadi habari ya kifo chake ilipomfikia kambini. Ndiyo nikapewa haya:

Kaburi lako sijui, wapi walikulalisha,
Uliniosha miguu, watu wote wakicheka,
Miguu inatembea, jina lako kulibeba,
Siku nitaposimama, mutoto atakushika.

Sasa fikiria mtoto wa kiume anausema huo. Siku moja nikiwa najisomea bombani, Zawadi alisikia mstari wa pili, akaweka mguu wake wenye vumbi juu ya bidoni yangu, akapiga kelele, "Niosheye miguu, bwana wangu!" Foleni nzima ilianguka kwa kicheko. Wiki nzima nikipita tu, mtu ananinyooshea mguu. Nilimwendea Mama Esta nikilia, nikamwomba anipe marehemu mwingine, hata mzee asiyejulikana. Alinifuta uso kwa kanga inayonuka samaki. "Yeye balimucheka, na aliosha tu," alisema. "Na weye, shika tu."

Nilishika, lakini kwa aibu. Nilipofika miaka kumi na sita nilikwenda mjini Mbarara kujifunza ushonaji, na huko, mbali na masikio yake, nikafanya ujinga ambao mtu wa kwetu peke yake anaweza kuufanya: nikampamba marehemu wangu. Kijana mwenzangu kwenye cherehani aliniuliza ni nini ninachonong'ona, nami mstari wa pili nikausema hivi: "Ulituvusha mutoni, ukapigana na maji." Eh, hapo sasa alikuwa mwanaume! Nikaupenda uongo wangu. Niliusema hivyo miaka na miaka, hata mke wangu nikamfundisha hivyo. Nikajenga maisha yangu mjini, ya suti za harusi na sare za shule, na ile siku ya kila mwaka kule kambini nikawa natuma udhuru tu.

Mwaka jana Mama Esta aliletwa hospitali Mbarara. Alikuwa amekwisha, na kumbukumbu zake zilikuwa zinamtoka. Nilimpelekea uji na chupa ya maziwa kutoka Bwizibwera. Alinijua. Alinishika mkono akasema, "Niambiye ile ya bwana yangu. Imenipotea. Nataka niisikie yote mbele niende."

Nikasema, kifua mbele. Nilipofika kwenye "mutoni" aliinua kidole.

"Ku muto alikuwa alishakufa. Na ile miguu ni ya nani?"

Nikasema haraka, "Uliniosha miguu," kisha nikakwama. Nusu iliyobaki haikuwepo. Nilijaribu "ukanifuta machozi". Akatikisa kichwa. Nilijaribu "ukanipa na maji". Akatikisa tena. Halafu aligeukia ukutani, akasema polepole, "Basi, sasa ndiyo amekufa."

Nimeshonea maiti sanda, nimezika wazazi wangu wote wawili, lakini sijawahi kusikia neno zito kama lile. Kesho yake asubuhi askari mmoja wa kambi ya jeshi, aliyekuwa anamuuguza mke wake kitanda cha jirani, aliniita pembeni. "Mzee, huyu mama iko na shida," alisema. "Yeye nasema 'miguu, miguu' tangu alfajiri. Chakula yeye nakataa."

Nani angejua ule mstari? Watoto wa foleni ile wametawanyika, wengine kambi ya Oruchinga, wengine ng'ambo. Nilimtafuta Zawadi, ambaye siku hizi anaishi nchi ya theluji. Hatukuwa tumesemezana miaka mingi. Nilimtumia ujumbe kwenye simu, nikaeleza kosa langu bila kujificha. Kabla ya saa sita mchana sauti yake ikaingia, anacheka vilevile: "Ee Mungu, ile ya miguu? Nitaisahau aje, na vile nilikuchekaka!" Akasema mistari yote minne bila kukwama. Mwishoni hakuwa anacheka tena. Alisema, "Mupe Mama salamu. Umuambie na miye naishika."

Mimi niliyepewa ubeti niliuacha kwa kuona haya. Aliyenicheka ndiye aliyeutunza.

Nilirudi wodini mbio, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikausema wote jinsi alivyoutunga, kwa sauti, wagonjwa wote wanasikia. Kwenye "watu wote wakicheka" midomo yake ilianza kwenda pamoja na yangu, na uso wake ukawa wa msichana. Alikunywa uji nusu kikombe. Siku ya tatu akafariki. Tulimzika Nakivale, na yeye kaburi analo, tumelipandia maua.

Siku hizi mtu akifa, vijana wetu wanaweka picha yake na mshumaa kwenye status ya simu, na kesho yake saa zilezile imefutika yenyewe. Wanarekodi kila kitu, hadi jeneza linavyoteremshwa, lakini muulize mmoja marehemu alipenda nini, anakutolea macho. Siwalaumu sana. Mimi sikuwa na simu, na bado nilimpoteza mtu niliyekabidhiwa.

Siku ya kuondoa matanga ya Mama Esta nilimwita binti yangu Neema, mwenye miaka kumi na mitatu, nikamwambia kuna mtu nataka amshike. "Nirekodi, baba?" aliuliza, simu tayari mkononi. Nikamwambia aiweke chini. Nikamsomea ubeti wangu, naye akarudia. Alipofika mstari wa pili alisita, akanitazama, kicheko kikamponyoka. "Baba! Mwanaume mzima anamwosha mke wake miguu mbele za watu?" Akaziba mdomo kwa viganja, maana wamama wa matanga walikuwa wamegeuka wanamtazama, akaanza kuomba msamaha.

Nilimtoa viganja mdomoni. Nikamwambia, "Cheka, mwanangu. Cheka sana, usije ukamsahau."