Niliinua landrova yangu, nikapima kila kitu isipokuwa gurudumu likining'inia

Wakuu, salaam kwenu nyote, wenye magari na mnaoyatamani bado.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Mengi ninayoyajua kuhusu gari langu nimeyaokota kwenye nyuzi zenu, kwa hiyo leo ni zamu yangu kurudisha kitu. Ninachosimulia kimenitokea mwenyewe mwaka huu, na kipande kinachonivunjia heshima nimekiacha kama kilivyo, maana ndicho chenye faida.

Mie ni mtunza stoo, nimeshavuka hamsini, naishi Tabata. Ufundi sijasomea darasani. Nimejifunza kwa nakala ya kitabu cha gari iliyofifia maandishi, video za mtandaoni, na kufungua nati moja baada ya nyingine.

Gari lenyewe ni landrova fupi ya zamani, ya milango miwili na turubai nyuma, injini ya petroli. Nililinunua kwa mzee mmoja mstaafu kule Pugu, nyasi zimeota hadi kwenye bampa.

Limekaa uani kwangu miaka mitatu. Injini nilifungua na kufunga mara mbili. Waya zote nimebadilisha. Breki nilianza upya kuanzia kwenye pedali hadi magurudumuni.

Na kila kazi niliandika kwenye daftari. Tarehe, nilichofungua, kipimo kabla, kipimo baada. Kazi ya stoo inakufundisha hivyo: kitu ambacho hakijaandikwa hakipo.

Sasa, tatizo halikuwa gari. Tatizo lilikuwa eneo.

Mke wangu, Mama Salma, alikuwa anataka kujenga banda la kuku, na sehemu pekee ya uani yenye kivuli ndiyo iliyokaliwa na landrova. Kwa miaka mitatu amekuwa akianika nguo juu ya boneti bila kusema kitu. Mwaka huu akasema.

"Baba Salma, hicho chuma chako kinipeleke shamba, kinirudishe. Nisisukume, tusivutwe. Kikiweza, kibaki. Kikishindwa, Jumatatu nawaita watu wa vyuma chakavu waje na mizani yao."

"Hata kama ni tatizo dogo?"

"Hata kama ni pancha."

Nikamwambia pancha si haki. Akanipunguzia pancha moja.

Niwaeleze hilo shamba. Liko mbele ya Pugu, unaacha lami, unaingia njia ya udongo, kisha kuna mteremko mkali unaoshuka hadi kijito chenye daraja la magogo. Mvua zikianza, gari la kawaida haligusi. Mama Salma huwa anapandisha mihogo kichwani hadi barabarani. Kwa hiyo hakuwa anatafuta sababu ya kuliuza tu. Alitaka kujua kama miaka mitatu ya mumewe imezaa chochote.

Kwa kuwa njia ina mitaro, niliamua kuliinua gari. Nikaenda Mtoni kwa Fundi Hamza, mtu wa springi, ambaye amefanya kazi hiyo hiyo chini ya bati lile lile tangu nikiwa kijana.

Tuliongeza chuma kimoja kwenye kila springi na kuweka shokapu ndefu zaidi, maana zile za zamani zilikuwa zinalivuta gari lisipande.

Hapo kwenye shokapu muweke alama. Nitarudi.

Hamza ana utaratibu wake. Akimaliza springi hakupi gari. Analipiga jeki kwenye chasisi mpaka magurudumu yananing'inia hewani, analiweka juu ya vigogo, halafu anakwenda kunywa chai. Anasema gari linanyoosha miguu. Akirudi anapita chini yake na tochi, anatazama tu.

Siku ile ilikuwa Ijumaa mchana na safari ilikuwa kesho yake asubuhi. Foleni ya kutoka Mtoni kwenda Tabata mnaijua. Nikamwambia hakuna haja, nimeshapima.

"Umepima nini, mwalimu?" Ananiita mwalimu kwa sababu ya daftari.

Nikamfungulia ukurasa. Umbali kutoka ekseli hadi chasisi, pembe ya shafti, nafasi ya tairi. Hata mipira ya breki, ile mirija inayopeleka mafuta ya breki magurudumuni, nilikuwa nimeipima: ule wa nyuma ulikuwa umelegea vidole vitatu.

Akatazama daftari kwa heshima kabisa, kisha akafuta mikono.

"Gari haliendi kwa kalamu, mwalimu. Liache nusu saa."

"Fundi, vidole vitatu."

"Haya. Vidole ni vyako."

Nikaondoka.

Jumamosi tulitoka saa moja asubuhi. Mvua ilinyesha Alhamisi, udongo ulikuwa mwekundu na mzito, lakini gari likawa linapita kama limezaliwa pale. Mama Salma alikuwa amejifunga kitenge cha kazi, panga na viroba miguuni, ananisimulia ugomvi wa sare za kitchen party ya mtoto wa dada yake.

Kabla ya mteremko kuna mtaro umekata njia mshazari. Gurudumu la mbele likaingia na kutoka. La nyuma kulia likaingia, likaning'inia kidogo, gari likainama, kisha likatua. Sikusikia kitu chochote.

Nina tabia moja ambayo Mama Salma huicheka. Juu ya kila mteremko nasimama kabisa, naweka gia ya mlimani, ile nzito ya kwenda polepole, kwa mkono mwekundu ulio kando ya gia, naingiza namba moja, ndiyo nashuka. Nimeiandika kwenye daftari kama sheria.

"Kila kilima unasimama utadhani unaomba ruhusa," akasema, akaendelea na habari za sare.

Pale juu ni tambarare, kwa hiyo gari lilisimama lenyewe nilipoachia mafuta. Breki sikuigusa. Nikaanza kushuka.

Katikati ya mteremko nikagusa pedali kidogo ili nikwepe jiwe.

Pedali ikaenda hadi kwenye sakafu.

Nikapampu. Sakafu. Nikapampu tena. Sakafu.

Wakuu, magari haya ya zamani, au angalau langu, mfumo wa breki ni mmoja. Mpira ukikatika sehemu moja, magurudumu yote manne hayana kitu. Nilikuwa nalijua hilo kwa maandishi. Kulijua kwa mguu ni jambo jingine.

Gari lilikuwa halikimbii. Gia ya mlimani ililishikilia kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Lakini chini, juu ya yale magogo, kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, na daraja ni la mmoja.

Nikawasha taa. Nikapiga honi mara moja. Mikono yangu ilikuwa imetulia, nashangaa hadi leo. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nahesabu. Hendibreki ya gari hili haitumii mafuta, inabana shafti kwa chuma. Nilikuwa nimeirekebisha mwezi uliopita. Ukurasa naukumbuka.

Tulipobakiza kama urefu wa gari moja na nusu kufika darajani, pale mteremko unapolala, nikaivuta polepole hadi mwisho.

Gari likatikisika, likasimama.

Yule bwana wa mkaa akamaliza kuvuka, akatuangalia, akacheka. "Mzee, gari la vita hilo! Nilijua utanipisha."

"Pita, ndugu yangu," nikamwambia.

Mama Salma akanigeukia. "Leo umeendesha kistaarabu mpaka raha. Sasa nikwambie, yule wifi akasema rangi ya zambarau haivai..."

Tulifika shamba.

Yeye akaenda kwenye mihogo, mie nikalala chini ya gari. Mpira wa nyuma, ule unaoshuka kutoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli, ulikuwa umechanika kwenye maungio yake. Mafuta ya breki yamechora mstari hadi kwenye tairi.

Nikiwa nimelala pale nikaelewa. Nilipima mpira gari likiwa limesimama kwenye sakafu ya saruji, magurudumu yote yamebeba uzito. Lakini gurudumu likiingia shimoni halibebi kitu, linashuka. Shokapu za zamani zilikuwa fupi, zilikuwa zinalizuia lisishuke sana. Mie nikaziondoa, nikaweka ndefu. Sasa ekseli inaweza kushuka shibiri nzima, na mpira una vidole vitatu.

Nusu saa ya Fundi Hamza ingenionyesha hilo nikiwa nakunywa chai.

Nikafanya linalofanyika porini. Nikaukunja mpira juu ya palipochanika, nikaubana kwa vaisi grip, ile koleo inayojifunga yenyewe, na waya, nikaongeza mafuta, nikatoa upepo ulioingia kwenye breki. Breki za mbele zikarudi, za nyuma basi. Pedali ikasimama imara.

Nilipotoka chini ya gari, Mama Salma amesimama na mkungu wa ndizi begani, jasho limemtoka, anatabasamu. Tabasamu hilo sikuwa nimeliona kwa siku nyingi.

"Baba Salma, libaki," akasema. "Kwa kweli. Hizi zote ningezipandisha kichwani. Banda nitajenga upande wa jikoni."

Wakuu, nilikuwa nimeshinda. Gari halikusukumwa wala kuvutwa, breki za mbele zinafanya kazi, njia ya kurudi ni kupanda zaidi kuliko kushuka. Ningenyamaza, angepanda, tungefika, na asingejua maisha yake yote.

Nikafuta mikono. Nilifuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Breki zilikatika kule mteremkoni," nikamwambia.

"Zilikatika vipi na sie tumefika?"

Nikamweleza. Mtaro, mpira, gia, hendibreki. Akashusha mkungu chini.

"Kwa hiyo nilipokuwa nakusimulia habari za sare, huna breki."

"Sina."

"Na ukawa unaitikia, ehe, ehe."

"Nilikuwa naitikia."

Akajipangusa jasho. Kisha akauliza, "Fundi hakukwambia kitu?"

Nikamwambia na hilo. Nusu saa, daftari, vidole.

Hakupaza sauti. Aliinua mkungu akauweka nyuma ya gari, akaweka na viroba. "Mihogo ipande," akasema. "Mie nina watoto." Akavua malapa, akayashika mkononi, akaanza kupanda mteremko kwa miguu ili akatafute bodaboda juu.

Nilimfuata nyuma na gari, mbali kiasi, namba moja. Hakugeuka hata mara moja.

Alifika nyumbani kabla yangu. Geti lilikuwa wazi, yeye amesimama katikati.

"Limevutwa?"

"Hapana."

"Limesukumwa?"

"Hapana."

"Basi gari limefaulu," akasema. "Aliyefeli namjua. Jumatatu unanipeleka kwa huyo fundi nikaone hicho kinachoning'inia. Nikiridhika, linabaki. Nisiporidhika, mizani inakuja palepale."

Jumatatu tukaenda Mtoni. Hamza akamsalimia, akampa stuli, akamwagizia chai. Hakunicheka. Alisema tu, "Karibu mwalimu," na hiyo ilitosha.

Akalipandisha gari nyuma, magurudumu yakaning'inia. Akamwonyesha Mama Salma mpira mpya alioukata mrefu, jinsi ulivyobaki na ulegevu hata ekseli ikiwa chini kabisa. Na mie nikapima, nikaandika. Sote wawili tukawa tumeridhika. Hamza akaanza kushusha jeki.

Mama Salma akaweka kikombe chini.

"Na ya mbele?"

"Ya mbele haikukatika, shemeji," Hamza akasema.

"Sijauliza kama ilikatika. Nauliza kama mmeitazama."

Hamza akanitazama. Mie nikatazama daftari.

Jeki ikahamia mbele. Gari likapanda, magurudumu yakashuka, tukainama wote watatu na tochi. Mpira wa kushoto ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiugonga kwa kucha unalia. Kwenye maungio tayari palikuwa na ufa mwembamba, wa kupitisha unywele.

Hizo ndizo breki nilizorudi nazo kutoka shamba. Ndizo ambazo nilikuwa tayari kumpandisha nazo, nikijiambia ziko sawa.

Nadhani hapo ndipo nilipoogopa, wakuu. Siyo mteremkoni. Pale Mtoni, mchana kweupe, nikiwa nimepiga goti.

Tulibadilisha yote miwili ya mbele, tukafunga na mikanda ya kuzuia ekseli isishuke kupita kiasi. Mama Salma alikaa hadi mwisho. Alikunywa chai tatu.

Gari lipo. Banda la kuku liko upande wa jikoni na harufu yake tunaivumilia. Shamba tunakwenda kila baada ya wiki mbili, na sasa juu ya mteremko ni yeye anayesema, "Simama kwanza."

Nilichojifunza si kwamba kuandika ni upuuzi. Bado naandika. Nilichojifunza ni kwamba kipimo kina hali yake. Ukipima kitu kimepumzika, umejua habari zake kikiwa kimepumzika tu. Na fundi asiyeandika anaweza kuwa na kipimo ambacho ameshakigeuza kuwa desturi. Kabla hujaipuuza, muulize inapima nini.

Daftari langu sasa lina safu ya tatu, baada ya "kabla" na "baada". Inaitwa "likining'inia". Mstari wa kwanza kwenye safu hiyo unasema: mpira wa mbele kushoto, umekaza, ufa. Mwandiko si wangu, wala si wa fundi.

Mlioinua magari yenu, yawe landrova au mengine: mlikagua mipira ya breki magurudumu yakiwa hewani? Ya mbele pia? Semeni ukweli hapa, na kama hamjui, nendeni mkatazame kwanza ndipo mje kujibu. Na kama kuna njia bora kuliko mikanda niliyofunga, nielekezeni. Kalamu ninayo mkononi.