Jani la Isale la Mama Mkwe

Nimezaliwa Kirua Vunjo nikaolewa Machame, na mama mkwe hajawahi kunisamehe kosa hilo. Kichagga chetu na chao vinatofautiana hata kwenye vineno vidogo vya kusema kitu kiko ndani, juu au kando. Kila nikimweleza nilipoweka maziwa, anawageukia wageni: "Jamani, nani atutafsirie?" Wanacheka, nami nachekacheka kama mjinga.

Krismasi iliyopita alirudia hayo mbele ya mama yangu mzazi. Nikabeba mkoba wangu, nikaondoka na mama kurudi Kirua.

Wiki iliyofuata mama mkwe akaja mwenyewe, ameshika jani la isale. Kwa Wachagga wote, anayekuomba radhi kwa jani hilo humkatai.

"Nisamehe," akasema. "Kosa si lako, hukufundishwa vizuri."

Hata kuomba radhi kwake ni tusi!

Nililipokea jani kwa mikono miwili, kisha nikammwagia Kichagga cha kwetu, chote, haraka, bila kupumua.

"Umesema nini?" akauliza.

"Jani nimelipokea, mama," nikamjibu kwa Kiswahili. "Kutafsiri hakumo."